Makumbusho Siku ya Kazi

4 Machi 1989

Dada yangu mpendwa,

Kaa kwanza. Najua kawaida yako ya kusoma barua umesimama, mkono mmoja uko kwenye sufuria, halafu baadaye unalalamika kwamba kuna jambo sikulieleza. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kulegea, na mwenye nyumba hatimaye ametengeneza lile bomba lililokuwa likilia ukutani, kwa hiyo sasa nalala kama watu. Mwambie Mama magoti yake nayakumbuka kila ninapopanda ngazi za hapa. Na wewe, basi lako linasemaje? Manesi bado wanakuita Mama Gia?

Kazini hakuna jipya la kukuandikia.

Nimeanza tabia moja, utanicheka. Nakwenda makumbusho ya sanaa. Jumanne kiingilio ni bure. Ni jumba kubwa la zamani, sakafu ya mbao inayolia chini ya viatu, dari ina madirisha ya vioo na mwanga unashuka kutoka juu mpaka unajisikia umekaa ndani ya bilauri. Watu wote wanaongea kwa kunong'ona, hata wanaogombana. Juzi mume na mke walisutana mbele ya picha ya bakuli la maua kwa sauti ndogo kabisa, na nikaona ugomvi wa namna ile unauma kuliko wa kelele.

Kuna picha moja imenikamata. Wanawake wanafua mashuka mtoni. Ni kubwa, inajaza ukuta. Mimi naisoma kama ninavyosoma ukurasa: naanza kona ya juu kushoto, naenda mstari kwa mstari mpaka kona ya chini. Nilikuwa nimeshaiangalia Jumanne tatu nzima ndipo nikagundua kwamba chini kulia kuna mbwa. Mbwa mzima, mwekundu, anakunywa maji. Mlinzi wa chumba kile ananicheka. Aliniambia, "Kaka, wenzako wanapita, wewe umehamia."

Nilijikwaa pia. Wameweka benchi jeusi katikati ya chumba chenye sakafu nyeusi, nikaenda nalo mpaka chini mbele ya kundi la wageni. Nani anaweka benchi jeusi pale? Goti limevimba kidogo, sasa mimi na Mama tuko timu moja.

Niandikie.
Mdogo wako


29 Machi 1989

Mdogo wangu,

Barua nimeisoma nimesimama, na hakuna kilichoungua. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema umwache na magoti yake, ni mali yake. Mvua imetoboa paa upande wa jikoni, nimepanda mwenyewe na kuziba, jirani akawa anapita chini ananiambia wanaume wamekwisha. Nikamwambia wapo, ila hawajui kupanda.

Mama amemaliza sweta lako. Nimelituma leo kwa anwani ya kiwandani kwenu mnakochapa magazeti, maana pale unapopanga sipaamini, kila mtu anapokea barua za kila mtu.

Sasa nikuulize. Jumanne ni siku ya kazi. Umesema Jumanne tatu. Tangu lini msoma prufu akaachiwa Jumanne akaangalie wanawake wanafua? Ukitaka kuona wanawake wanafua njoo hapa, bure siku zote, na mbwa yupo. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Basi langu ni zima, wenye matatizo ni watu. Mlinzi wa lango la hospitali ana tabia ya kufungua nusu, na mimi saa za alfajiri nikiingia na manesi nimejaza, kioo cha pembeni kinakula nguzo. Hiki ni cha pili tangu mwaka uanze. Fundi wa karakana ananiambia, "Mama Gia, nguzo ile haijahama." Kumbe amekuwa mchekeshaji. Nimemwambia abadilishe taa kubwa, hazimuliki kitu, barabara yote ni kama nimefunikwa blanketi. Akazipima, akasema ziko sawa. Nikamwambia azipime tena. Vijana wa siku hizi wakishaajiriwa tu wanaacha kufanya kazi.

Nesi mkuu, yule mnene anayekaa kiti cha mbele, anakusalimu. Anasema kama umeshaoa aambiwe, aache kujipamba.

Jibu swali.
Dada yako


2 Mei 1989

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyekaa nayo. Ni mzima. Natumaini paa limetulia na Mama anapata jua la asubuhi kwenye ile baraza. Mpe nesi mkuu salamu, mwambie aendelee kujipamba.

Sweta msilitume kiwandani. Litumeni hapa nyumbani. Umesema umelituma siku ile ile, lakini natumaini hukuwahi posta.

Siku hizi nimepanua safari zangu. Kuna stesheni ya reli ya zamani, treni hazifiki tena, wameifanya maonyesho ya injini. Unaingia kwenye ukumbi mrefu, injini zimelala moja baada ya nyingine kama ng'ombe, na bado kuna harufu ya mafuta na makaa. Saa kubwa ya ukutani imesimama. Nilikaa kwenye benchi la abiria mpaka nikaanza kusikiliza, nadhani nilikuwa nasubiri mtu atangaze. Ilinitia hofu kidogo, nikatoka. Vilevile kuna nyumba ya vioo ya mimea, joto mpaka miwani inalowa, majani yamefika darini. Pale napapenda kuliko kote, lakini naenda mchana tu. Kikianza kiza vijia vyake ni vyembamba.

Na picha ya wafuaji bado naitembelea. Nimeona kwamba msanii alimchora mwanamke mmoja bila uso. Wenzake wote wana nyuso, yeye amegeuka, anaangalia kitu nje ya picha, upande ambao sisi hatuoni. Kila siku naondoka nikijiuliza anaangalia nini.

Dada, nina maswali mawili, nakuomba usiyachukulie vibaya. La kwanza: Baba alianza kutoona vizuri lini hasa? Namaanisha, je, ilikuwa baada ya chokaa kumrukia, au kuna kitu kilianza kabla? Muulize Mama taratibu. La pili: vile vioo viwili vilivyovunjika ni vya upande gani wa basi? Na lile blanketi ulilosema, ni alfajiri tu au hata jioni?

Usiulize kwa nini naulizia. Nitakueleza.

Mdogo wako


27 Mei 1989

Mdogo wangu,

Wote tupo. Salamu baadaye.

Sweta la Mama limerudi. Limetembea kote huko na kurudi, kifurushi kimepigwa mhuri na mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hayupo hapa tena tangu Januari." Mama alikuwepo nilipokifungua. Ilibidi nimwambie wamekosea jina. Sasa mimi ni mwongo kwa ajili yako, na sijui hata nalinda nini. Uko wapi mchana kutwa? Unakula nini? Umefanya nini mpaka wakakufukuza? Mtu ambaye tangu utoto anarekebisha barua za majirani, anafukuzwaje kazi ya kurekebisha?

Na wewe badala ya kujibu unaniletea Baba.

Baba aliharibiwa macho na chokaa. Tulikuwepo. Ulikuwa mdogo, lakini mimi nilikuwa pale aliporudishwa na mafundi wenzake uso umefungwa kitambaa. Kwa nini unachimba? Nilimuuliza Mama kama ulivyotaka, taratibu, akiwa anachambua mchele. Aliacha kuchambua. Halafu akasema kwamba hata kabla ya chokaa, jioni wakirudi pamoja Baba alikuwa akimshika bega. Yeye alidhani ni mapenzi. Basi, akainuka akaenda kulala na jua bado liko nje, na chakula hakula. Umefurahi?

Vioo ni vya kushoto. Vyote viwili. Na sasa usiniulize tena maana wiki iliyopita yule mlinzi wa lango alijitokeza ghafla kutoka upande ule ule, kioo kikamgonga bega. Hakuumia, amepata wekundu tu, tumepatana, nimemnunulia dawa ya kuchua. Anasema alikuwa amesimama. Watu wakigongwa wote walikuwa wamesimama.

Nataka jibu, na safari hii usinipe picha wala majani.

Dada yako


TELEGRAMU
15 Juni 1989

DADA USIENDESHE BASI. BARUA INAKUJA. NAKUOMBA USIENDESHE. MDOGO WAKO.


15 Juni 1989

Dada,

Telegramu imetangulia saa hii, nimetoka posta sasa hivi na naandika kwenye ngazi za nje, maana hapa pana mwanga. Nisamehe kwa kuruka salamu.

Nina ugonjwa wa macho. Kule nyuma ya jicho, pale panapopokea mwanga, panakufa polepole. Panaanza pembeni na kuja katikati. Kwa hiyo katikati naona vizuri tu, naweza kusoma herufi ndogo kabisa, ndiyo sababu sikujua kwa muda mrefu. Lakini pembeni hakuna kitu. Wala si giza, dada. Ingekuwa giza ningestuka mapema. Ni kwamba hakipo, na akili inajaza yenyewe kama vile kipo. Na kiza kikiingia kidogo tu, mimi ndio nimekwisha.

Kazini nilianza kuruka mwisho wa mistari. Msimamizi alinivumilia. Halafu likatoka tangazo la mazishi gazetini, jina la marehemu limekatwa nusu, mimi ndiye niliyelipitisha. Mtoto wa marehemu alikuja mpaka kiwandani na gazeti mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani aliyesoma. Nikainua mkono. Sitausahau uso ule. Januari wakaniaga.

Daktari wa macho ni mama mmoja mpole. Aprili, baada ya vipimo vya pili, aliniuliza kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kusumbuka kuona jioni. Nikamwambia baba alikuwa kipofu, lakini kwa chokaa. Akasema, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akasema huu unakwenda kwenye damu, akauliza nina ndugu wangapi. Hapo ndipo nilipokumbuka barua yako ya vioo, lakini nilijipa moyo. Nikasema taa za basi zaweza kuwa mbovu kweli. Nikakuuliza kwa kuzunguka, kama mwoga. Leo nimepata barua yako, nimesoma habari ya bega la Mama na bega la mlinzi, nikakimbilia posta.

Sasa unajua ninachofanya makumbusho. Daktari hajui ni miaka mingapi. Nikaona kama itaondoka, basi niangalie kwanza vitu vilivyotengenezwa ili viangaliwe. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama ameshamshika mkono kipofu mmoja mpaka kaburini.

Jaribu hivi. Simama, angalia ukuta mbele yako bila kuhamisha macho. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, chezesha vidole, halafu irudishe polepole kuja mbele. Mtu mwenye macho mazima anaviona vidole mikono ikiwa bado imenyooka pembeni. Mimi naviona vikishakaribia pua. Fanya, kisha nenda hospitali. Unaipeleka nusu ya hospitali kazini kila siku, chumba cha macho unakijua. Na mpaka uende, usishike usukani. Barabara imejaa watu waliosimama.

Mdogo wako


3 Julai 1989

Kwako,

Telegramu haiji nyumbani, inakuja ofisini. Hukufikiria hilo. Karani aliifungua na kuisoma kwa sauti mbele ya madereva wote, "Dada usiendeshe basi." Wanaume wale waliokaa wakisubiri tangu siku ya kwanza nishindwe, wakainua vichwa. Mkuu wa karakana akaniita ndani akafunga mlango. Akauliza, "Kuna jambo?" Nikamwambia mdogo wangu ameota ndoto mbaya, ndivyo alivyo, msomi. Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Pole kwa macho yako. Nimelia, na ukitaka kujua nililia chooni, Mama asisikie. Ungeniambia Januari. Ungerudi nyumbani, ungekaa, tungejua la kufanya. Badala yake umekaa huko peke yako unaangalia mbwa mwekundu.

Lakini yako ni yako. Usinivishe. Mimi ni mwanamke wa kwanza kukabidhiwa basi pale, nimeendesha miaka kumi na minane, sijawahi kumwaga damu ya mtu. Unajua nikishuka kwenye kile kiti ninakuwa nani? Ninakuwa mama mmoja hivi anayepanga foleni. Mama anakula kwa kile kiti. Na wewe ulikuwa unasoma kwa kile kiti, kama umesahau.

Jaribio lako sikulifanya na sitalifanya. Usiniandikie tena habari za macho. Ukitaka kuandika, andika habari za picha zako, nitasoma. Kama huwezi, usiandike.

Mama yu mzima. Hajui lolote, na itabaki hivyo.

Dada


25 Julai 1989

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima. Sweta nitalivaa siku litakapofika, msilifumue.

Umesema nikuandikie habari za picha, nami nakutii.

Jumanne iliyopita walikuwa wametundika picha mpya juu ya ngazi, pale unapofika ghorofa ya pili. Ni chumba kitupu. Hakuna mtu, kuna mlango uko wazi, jua limeingia na kulala sakafuni, basi. Ukiiona kwa karibu ni rangi tu. Lazima urudi nyuma ndipo jua linawaka. Watu walikuwa wachache, kulikuwa na ule utulivu wa mahali pale ambao nimekwambia, unaosikia nguo yako mwenyewe. Nikarudi hatua moja. Jua likaanza. Nikarudi nyingine, nikaona hata vumbi alilichora, nikafurahi moyoni kama mtoto. Nikarudi tena.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama pembeni yangu, juu kabisa ya ngazi. Mwalimu mstaafu, alikuja kunieleza baadaye. Nilimgonga na kiwiko na bega. Hakupiga kelele, nilisikia tu mkoba wake ukishuka ngazi, vitu vinatawanyika, halafu yeye. Nilipogeuka sikumwona mara moja, ilibidi nimtafute. Alikuwa amelala kwenye ngazi za chini, mkono umekaa vibaya chini yake.

Nilikaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Nilishika kichwa chake kisiguse jiwe. Alikuwa na uso mweupe wa maumivu lakini mtu mstaarabu, akawa ananifariji mimi. Aliniuliza, "Kijana, kwani hukuniona?" Nikamwambia sikukuona, mama. Akasema, "Lakini nilikuwa pale muda wote. Tulisalimiana." Kweli tulisalimiana. Nilikuwa nimeshamsahau, kwa kuwa alipotoka mbele yangu kwangu aliondoka duniani.

Mkono umevunjika sehemu mbili. Nimekwenda kumwona wodini. Hataweza tena kucheza kinanda kanisani kwao, na alinieleza hilo polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Mlinzi wa makumbusho, yule rafiki yangu, amenikataza kupanda ghorofani bila mtu wa kunishika mkono. Nimekubali.

Hiyo ndiyo habari ya picha.

Mdogo wako


10 Septemba 1989

Dada,

Natumaini mpo. Sijapata neno tangu Julai. Kila siku naenda kuangalia sanduku la barua, mwenye nyumba ameanza kunionea huruma, kila akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Kama umekasirika, niandikie hasira. Kama kuna lililotokea, niandikie hilo. Hata ukiniandikia mstari mmoja kwamba Mama anakusalimu, utatosha.

Nimeanza kujifunza kutembea na fimbo, kuna shule yao hapa. Mwalimu wetu haoni kabisa na anatusema kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Jana aliniambia natembea kama mtu anayetafuta sarafu.

Nasubiri.
Mdogo wako


2 Oktoba 1989

Mdogo wangu,

Tupo. Mama anakusalimu, na hii anaisikia, kwa sababu ninaandika yeye amekaa mbele yangu na nimeshamsomea barua zako zote. Tulia, usiruke chini, soma kwa mpangilio.

Barua yako ya ngazi ilinifikia katikati ya Agosti. Niliichukia. Niliiweka chini ya godoro kama mtoto. Siku mbili tatu baadaye niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikaangalia ukuta, nikanyoosha mikono. Nikachezesha vidole. Nikajiambia labda sichezeshi. Nikaanza kuileta mikono mbele, naileta, naileta, mpaka nikadhani nimefumba macho. Sitakueleza vilipoonekana. Unajua.

Na asubuhi yake nikaenda kuendesha. Hilo nakueleza ulijue pia. Nikavaa sare, nikawasha basi, nikawabeba manesi. Nilikuwa nageuza kichwa kushoto na kulia kama kuku, mpaka nesi mkuu akaniuliza kama nina shingo. Nikasema nimelalia vibaya. Nikaendesha hivyo wiki baada ya wiki, polepole, wananizomea kwamba tunachelewa, natoka jasho usukani unateleza mikononi. Kila nguzo naiona mtu. Nilikuwa nimeshajua, lakini sikuweza kushuka. Mtu anaweza kujua jambo na bado asiweze.

Mwezi uliopita, tarehe kumi na tisa, alfajiri, nilikuwa naondoka kituo cha tatu. Nimefunga mlango, nimeangalia kushoto, nimeangalia kulia, nimeachia klachi. Basi zima likapiga ukelele. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mbele sikuona kitu, barabara tupu. Nikawauliza, "Nini? Mnapigia nini kelele?" Nesi mkuu alikuwa ameziba mdomo, ananyoosha kidole chini, kwenye kona ya kushoto ya basi.

Nikashuka. Alikuwa nesi mwanafunzi, binti mdogo, amechelewa, amekimbia kulizuia basi. Ameegemea bampa kwa viganja vyote viwili kana kwamba analisukuma. Gurudumu lilikuwa limesimama juu ya ncha ya kiatu chake. Kiatu, si kidole. Mguu ulikuwa mdogo kuliko kiatu, amekirithi kwa mtu, basi. Hiyo ndiyo iliyomwokoa, viatu vikubwa. Hakulia. Aliniambia, "Samahani, Mama Gia, nimekuchelewesha."

Nilizima injini. Nikachomoa ufunguo. Nikawaambia wote washuke, twende kwa miguu. Walidhani nimechanganyikiwa. Nesi mkuu akaniuliza nani atalinda basi, nikasema litajilinda. Tukatembea kundi zima mpaka hospitali, kunapambazuka, yule binti yuko upande wangu amevaa kiatu kimoja, mimi nimeshika mkono wake na sijui ni nani alikuwa anamwongoza mwenzake. Tulipofika langoni nesi mkuu akataka kwenda wodini kwake. Nikamwambia, "Nipeleke chumba cha macho." Akanishika bega.

Ni ugonjwa ule ule wako. Wamesema wangu uko nyuma kidogo ya wako, na wako uko nyuma kidogo ya ule wa Baba.

Mkuu wa karakana nilimpa ufunguo mwenyewe. Madereva walikuwa pale kwenye benchi. Nilitegemea watacheka. Mmoja akasimama, halafu wakasimama wote, wakaniacha nipite. Sikujua niangalie wapi. Mkuu amesema atanitafutia kazi ya kupanga zamu za magari, ofisini, mchana. Hajaahidi. Hilo bado linaniumiza, sitakudanganya, siku nyingine naamka alfajiri nakaa kitandani mikono haina kazi. Basi amepewa kijana mmoja. Anakimbiza mno.

Mama nilimwambia jioni ile ile. Nilidhani ataanguka. Aliuliza, "Wote wawili?" Nikasema wote wawili. Akasema siku zote alimlaumu yule fundi aliyechanganya chokaa, miaka yote hiyo hakumsalimu hata msibani, na sasa fundi amekufa. Akaomba nimsomee barua zako. Alitaka picha zote. Ile ya wafuaji nimemsomea mara nyingi, ameniambia yule mwanamke asiye na uso anaangalia mtoto wake kama hajaingia majini, wala si jambo la kufikiria sana.

Sasa sikiliza. Nimepata likizo yangu yote niliyokuwa siichukui. Nakuja. Mama atakaa kwa jirani, yule wa paa, kumbe wanapatana. Nitapanda basi kama abiria, kiti cha dirishani, na sitamsema dereva. Nataka unipeleke kwenye jumba hilo, ghorofani pia, tutashikana. Nataka kuona hilo jua la sakafuni kabla mimi na wewe hatujaanza kuhadithiwa vitu. Na yule mwalimu mstaafu nataka kumpa pole kwa mdomo wangu.

Nitafika tarehe ishirini na nane, mchana. Nimechagua basi la mchana makusudi. Stendi yenu najua itajaa watu na sisi wote wawili ni wa kupishana bila kuonana, kwa hiyo fanya ninavyokwambia. Njoo mapema. Usizunguke kunitafuta. Mlango wa basi ukifunguka, simama mbele yangu kabisa. Usisimame pembeni.

Dada yako